Soksi ya Wairimu

Nakumbuka Jumamosi moja pale mtaani kwetu Shauri Moyo, mwanangu, nikiwa bado msichana, na hadi leo moyo unaniuma. Baba yetu alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa shule za bodingi. Nyinyi wa siku hizi mnavuta mabegi ya magurudumu, hamjui uzito wa masanduku hayo. Alifanyia kazi nje ya nyumba, chini ya turubai, na pale chini palijaa vipande vya bati na misumari. Alikuwa amekataza kabisa mtoto yeyote kukanyaga hapo.

Mdogo wangu Wairimu hakuweza kujizuia. Alipenda kuona maua ya rangi ambayo Baba aliyachora kwenye masanduku. Siku hiyo akaingia pekupeku, bati likamkata mguu, akamkimbilia Baba akilia. Baba aliogopa sana, na woga wake ukageuka hasira. Alimchapa kwa mshipi kabla hata ya kumwosha damu.

Baada ya hapo Wairimu hakuonekana tena karibu na masanduku. Baba akajigamba kwa majirani kwamba mshipi umefanya kazi, nao wakamsifu. Kumbe mtoto alikuwa akiingia kila Baba alipokwenda kula mchana.

Ndipo msumari wenye kutu ukamdunga. Safari hii hakulia. Alivaa soksi, na nilipomuuliza mbona anachechemea, akasema kiatu kinambana. Siku chache baadaye taya zikakaza, akashindwa kumeza hata uji. Hospitalini daktari alimvua soksi, akaona kidonda, akamuuliza Mama kwa nini wamechelewa kumleta. Ilikuwa pepopunda. Hatukurudi naye nyumbani.

Tulipotoka kumzika, Baba alituita sote. Sikuwa nimewahi kumwona akilia hadi siku hiyo.

"Nilidhani namfunza kuogopa misumari," akasema. "Kumbe nilimfunza kuniogopa mimi."

Hakumchapa mtoto tena. Kaka yangu alipovunja kioo cha dirisha la jirani akaja kusema mwenyewe, Baba alimkalisha karibu naye, akamshukuru kwa kusema, kisha wakaenda pamoja kuomba msamaha na kuweka kioo kingine. Tukazoea kumwambia kila kitu, hata yale ambayo mzazi angeomba asiyasikie. Lakini Wairimu hakuwapo kumwona baba huyo, na hilo ndilo linaloniliza hadi uzeeni.

Mwanangu, mtoto akikuletea kosa lake, ukimpiga ataacha kukuletea, lakini hataacha kukosea. Mshukuru kwanza kwa kuja. Mtibu alipoumia, halafu umrekebishe, hata ikibidi umnyime kucheza nje siku hiyo. Na akifanya jema usinyamaze kana kwamba hukuona. Msifu papo hapo, atalirudia. Mungu akujalie subira na mkono mpole, na kila wanao wanapoumia, wakukimbilie wewe kwanza.