Mikono ya Baba Iliporudi Kutoka Vitani

Nikinusa samli ikiyeyuka jikoni kwa jirani, akili yangu hurudi Bariadi, kwenye kijiji chetu cha Ujamaa ambako nyumba zilipangwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi. Nilikuwa darasa la pili baba aliporudi kutoka vita vya Uganda.

Tulimpokea kwa vigelegele na ngoma. Lakini aliyeshuka kwenye lori hakuwa yule baba aliyekuwa akinibeba mabegani. Huyu alikaa akitazama mlango, na mikono yake ilitetemeka mpaka uji ukamwagika. Siku moja mama aliangusha sufuria. Baba alinirukia, akanilaza chini, akanifunika kwa mwili wake. Niliposhika bega langu lililoumia na kulia, alinitazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, akatoka. Tangu siku hiyo akawa analala zizini na ng'ombe.

"Nitawaumiza," alimwambia mama.

Wanaume walimwita kwenye shikome, ule moto wao wa jioni, awasimulie vita. Alikwenda mara moja tu, akaondoka bila kuaga. Bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona, aliwafuata hukohuko.

"Mtu ametoka safari ngumu," akawaambia. "Mpeni maji, msimpe maswali."

Kesho yake asubuhi alimfuata mwanawe zizini, akamwekea kibuyu cha maziwa mapajani. "Mikono imekataa kutulia? Basi itusukie maziwa."

Kusuka maziwa, kuyatikisa kwenye kibuyu mpaka yatoe siagi, kwetu ilikuwa kazi ya wanawake, na watu walicheka kweli. Jirani mmoja alisimama uani kwetu, akamwita bibi mayu, yaani mama, akasema, "Mayu, umemgeuza askari kuwa binti yako!"

Bibi hakuinua hata kichwa. "Alikuwa wangu kabla hajawa wa jeshi."

Basi kila asubuhi baba alisukasuka, bibi kando yake akichambua choroko, asimwulize neno. Mimi nilikaa karibu kwa sababu ya siagi, ulafi tu. Pamba ikavunwa, ikaisha. Ndipo asubuhi moja, kibuyu kikiwa bado kinakwenda huku na huku, baba akasema, "Mayu, nilimwacha Mabula."

"Mabula yupi?"

"Wa Lingeka. Tulikuwa tukila sahani moja. Mama yake hajui alivyokufa."

"Unaweza kumwambia?"

"Sijui."

"Tutakwenda wote," bibi akasema.

Walikwenda kijijini Lingeka, wakakaa huko siku kadhaa. Walichozungumza na mama yake Mabula sikukijua, na baba hakukisema mpaka anaingia kaburini. Ila aliporudi alilala ndani. Mikono haikutulia kabisa, na radi zilimtoa nje hadi uzeeni. Lakini mezani alianza kutuuliza habari za shule, na akasikiliza tulipojibu.

Nilimwona bibi kama mtu aliyezaliwa anajua dawa ya kila kitu. Nimeshakuwa mama mwenyewe ndipo nikasimuliwa habari za babu. Naye alipelekwa kwenye vita vya Wazungu, akarudi salama, wakamchezea ngoma, wakamwomba hadithi. Bibi alikuwa bibi harusi mdogo; alimwogopa, akamwacha akae peke yake. Asubuhi moja babu aliingia porini, wala hakuonekana tena.

Ile sauti kali ya bibi, niliyoidhania ujasiri, ilikuwa hofu ya mwanamke aliyewahi kunyamaza.