Siku ya Kuvaa Kiume

Juma lililopita nilifuatana na wanawake wa kijiji kimoja upande wa Hombolo. Ng'ombe wao wanakufa kwa maradhi. Desturi yao ni wanawake kuvaa nguo za waume zao, kushika mikuki na kuswaga ng'ombe hadi mpaka wa magharibi, wakautupe ugonjwa huko. Siku hiyo wanaume hubaki nyumbani wakisaga mtama na kuchekwa.

Karibu na mpaka, bibi aliyetangulia akasimama, akauegemea mkuki.

"Umechoka, bibi?" nikamuuliza.

"Sijachoka, mjukuu wangu. Dawa yenyewe ni kugeuza mambo kwa siku moja. Lakini sisi tunachunga tangu Wadachi wawachukue wanaume wakabebe mizigo ya vita. Leo tumegeuza nini?"

"Basi turudi tukasage mtama," mwenzake akasema.

"Na huo kila siku anausaga nani?"

Wakaenda, wakapunga mikuki kuelekea magharibi. Tuliondoka na ng'ombe kumi na tisa, tukarudi na kumi na saba.

Sidhani kama yule Mdachi, bwana wa boma la serikali, alijua kwamba alipowachukua wanaume alichukua na dawa ya ng'ombe. Wala sidhani kwamba angejua angewarudisha.