Zamu ya Yusta

"Nimekulimia mpaka mgongo ukagoma, Fausta, halafu wewe uko hapa unawapakulia madereva wali! Siku yangu iko wapi?"

Yusta aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni mwa banda la mama lishe, pale Mikumi barabarani, vumbi la bodaboda limemjaa mpaka kwenye kope. Fausta aliinamia sufuria na upawa wake. Utingo mmoja aliyekuwa anasubiri maharage akadakia, "Mama, mpe mwenzio siku yake, na sisi utupe chakula."

"Wewe kula. Hujaulizwa," Yusta akamkata.

Watu wa kwao Zombo wangemsikia wangesema huyo siye. Kule wanamwita Mama Ashukuriwe. Kuku wakifa kwa kideri: ashukuriwe Mungu, jogoo kabaki. Mumewe Boniface alipokwenda kutafuta kibarua akapotelea huko huko: ashukuriwe Mungu, kaniachia nyumba. Nyumba yenyewe ikivuja, anasogeza kitanda na kushukuru kwamba kona moja ni kavu. Wenzake wa umoja wa akina mama kanisani walimcheka, lakini mtu akifiwa walimkimbilia yeye, maana uso wake haukujua kununa.

Uso huo ndio uliomponza.

Akina mama hao wanalimiana. Leo wote wanaingia shamba la huyu, keshokutwa la yule, mwenye shamba anapika uji. Usipopika uji, siku haihesabiwi. Na aliyekwisha kulimiwa asipotokea kwa mwenzake, wote wanasusa. Wanasema kwa nini wengine wavunjike viuno na yeye amekaa? Zamu hupangwa baada ya ibada. Mwaka huu Yusta alipata ya pili, na mvua ilikuwa inanukia. Mwenzao mmoja akalia kwamba mume wake mgonjwa, Yusta akampisha. Fausta naye akaja na lake.

"Dada, nipishe na mimi. Mkwe wangu yuko karibu kujifungua, nitashindwa kulima."

"Chukua tu. Mungu hachelewi."

Wakampigia makofi, wakasema huo ndio upendo. Yusta akawa wa mwisho.

Fausta akalimiwa, mjukuu akazaliwa, na wiki hiyo hiyo Fausta akaenda zake Mikumi kupika. Siku ya Yusta ilipofika, akina mama walikuja na majembe, wakatazamana, wakauliza Fausta yuko wapi. Wakakaa ukingoni mwa shamba. Uji ukapoa, ukaganda. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka alimwambia Yusta amtegemee Mungu. Yusta akabaki na sufuria yake. Alitafuta cha kushukuru pale, akaona nzi. Kesho yake akapanda bodaboda kwenda Mikumi.

"Nakuja Jumatatu," Fausta alimwambia sasa, kwa sauti ya chini, madereva wasisikie. "Haki ya Mungu nakuja."

"Usiape. Njoo."

Jumatatu hakuja, wala iliyofuata. Yusta akalima peke yake, kipande tu, akapanda masika yakiwa yamekwenda nusu. Mahindi yalifika magotini, mvua ikakata. Kila asubuhi alikwenda kuyatazama, akarudi. Yalijikunja, yakawa ya rangi ya mkeka mkuukuu, mwisho hata mbuzi hawakuyataka.

Jumapili moja mwinjilisti akaita ushuhuda. Kanisa zima likamgeukia Mama Ashukuriwe, nyuso zimeshaanza kutabasamu. Yusta akasimama. "Ashukuriwe..." akasema, neno lililofuata halikuja. Wakamsubiri. Akakaa. Mtu mmoja nyuma akakohoa, wakaanzisha pambio.

Fausta alikuja mvua zimekwisha kabisa, asubuhi, jembe begani. Yusta alikuwa anapepeta pumba uani.

"Umekuja kulima nini, Fausta? Vumbi?"

"Nimekuja kulima siku yangu."

"Siku yako ilikuwa na mvua."

Fausta akatua jembe chini. "Nilitaka hela ya kumtunza mtoto," akasema. "Nikajiambia Yusta hatakasirika. Yusta hakasiriki."

"Ndivyo mlivyozoea wote."

Fausta akaenda shambani. Udongo ulikuwa kama sakafu, jembe likigonga linaruka. Yusta alimtazama kutoka uani akitaka kufurahi, furaha haikuja. Jua likapanda. Fausta alikuwa amefungua kiganja cha ardhi tu, mikono imetoka malengelenge, na hakuna atakayepanda kitu pale mpaka mwakani, kama mwakani kutakuwa na mbegu.

Yusta akaingia ndani. Kwenye kopo mlikuwa na unga wa kumtosha yeye jioni. Akasimama nalo muda. Angeweza kuliacha, na siku ya Fausta isingehesabika, na angekuwa na haki ya kumnunia mpaka kaburini. Akawasha moto.

Uji ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Aliupeleka shambani, wakakaa chini, Fausta akangoja aombe kama kawaida yake.

"Bwana, unatuona," Yusta akasema. Akaishia hapo.

Fausta akanywa, akageuza kikombe kuonyesha kimekwisha.

"Siku yako imelipwa," Yusta akamwambia. "Lete jembe, usije ukajikata."