Togwa Haikuwa kwenye Daftari

Bwana Shamba aliponipa msimu mmoja wa mvua nipunguze mwili, nilikuwa na uzito wa ratili mia mbili na kumi na tisa. Hesabu hiyo ni ya hakika. Nilipimwa ghalani, kwenye mizani ya kahawa, mbele ya wapagazi, na aliyeisoma alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye hakupata kuiacha haki yake ya utani ipite bure.

“Shemeji,” alisema, “mzigo huu una unyevu. Uanikwe kwanza ndipo tuupokee.”

Wapagazi wakacheka hadi mmoja akakaa juu ya gunia. Mimi niliandika namba.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa kahawa, kuanzia kijiji cha Ruanda hadi kijiji cha Hasamba. Nilipaswa kuingia shambani, kutazama mbuni mmoja baada ya mwingine, na kumwonyesha mkulima wadudu na matawi ya kukata. Miaka ya mwanzo nilikwenda kwa miguu. Kisha nikapata baiskeli, na baada ya baiskeli likaja tumbo, na baada ya tumbo yakaja maumivu ya magoti. Mashamba ya mlimani, ambako baiskeli haifiki, nilianza kuyakagua nikiwa barabarani: mkulima anateremka na majani mkononi, mimi namtolea shauri. Bwana Shamba alipogundua, hakupandisha sauti.

“Mdudu haonekani kutoka barabarani,” alisema. “Mvua zikikatika nitapanda nawe Hasamba mpaka shamba la juu kabisa. Ukishindwa, kazi hii nitampa mwingine.”

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi mwenyewe nilisoma hadi darasa la nne tu. Mengine nimejifunza kwa kuazima vitabu. Watoto wangu wanne walikuwa shule ya bweni kwa mshahara ule ule. Kazi ikienda, wao wangerudi nyumbani kushika majembe.

Nilikwenda kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Alinisomea kutoka kitabu cha Kizungu: samaki wabichi, nyama isiyo na mafuta, machungwa, mkate mweusi. Samaki waliotufikia walikuwa wakavu, kutoka Rukwa, na bei yao ilikuwa ya sikukuu. Machungwa kwetu kwenye baridi hayakuota. Nilimshukuru, nikaenda kutunga mpango wangu kwa vitu vilivyokuwa nyuma ya nyumba. Ugali nusu ya nilivyozoea. Majani ya maboga na kunde mara mbili ya nilivyozoea, yachemshwe bila karanga. Maharage jioni. Baiskeli nilimwazimisha shemeji, mimi nikarudi kwenda kwa miguu. Kila nilichokula nilikiandika kwenye daftari, na kila Jumamosi ghala lilipofungwa nilipanda mizani.

Wiki ya kwanza uzito haukusogea. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya nne uliongezeka ratili mbili. Nilidhani mizani imeharibika, nikaijaribu kwa gunia lililokwisha kupimwa. Mizani ilikuwa sawa.

Nyumbani mke wangu naye alikuwa na lake. Kisimani wanawake, waliosikia nimepunguza ugali, walimwuliza kama siku hizi ananinyima unga. Jioni moja alikuwa anapepeta ulezi. Akaniambia, “Baba watoto, hebu nisomee hilo daftari lako.”

Nikamsomea wiki nzima, tonge kwa tonge. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na togwa?”

“Togwa ni kinywaji,” nikamjibu.

“Leo umepita nyumba ngapi?”

“Saba.”

“Na kila nyumba kibuyu.”

“Ningefanyaje? Wanakaribisha.”

Akaweka ungo chini. “Mtoto akiachishwa ziwa tunamnenepesha kwa kitu gani?”

“Kwa uji wa ulezi.”

“Na togwa ya huku inapikwa kwa kitu gani?”

Nilitazama ulezi uliokuwa kwenye ungo. Kwetu mtu akishinda kwa mahindi ya kuchoma, karanga na ndizi, jioni atakuambia kwa moyo safi kwamba hajala tangu asubuhi, kwa sababu hajagusa ugali. Nami, pamoja na kalamu yangu na mistari yangu iliyonyooka, niliandika kama mtu yeyote wa kwetu. Vibuyu saba kwa siku, na katika daftari hapakuwa na hata kimoja.

Tatizo lilikuwa namna ya kuviacha. Kukataa togwa ya mtu ni kumwambia kwamba nyumba yake ni chafu au unaogopa atakutilia sumu. Mke wangu aliona njia upesi kuliko mimi. “Mwiko ni kukataa,” alisema. “Kubakiza si mwiko. Pokea kwa mikono miwili, onja, umrudishie mwenyewe amalizie.”

Kesho yake bibi mmoja wa Ruanda alinitazama sana nilipomrudishia kibuyu kikiwa karibu kujaa. “Mkaguzi, togwa yangu ina kasoro?”

“Haina, mama. Ndiyo maana sitaki kuinywa peke yangu.”

Akainywa yote, akanipa boga kubwa nipeleke nyumbani.

Jumamosi ile mizani ilishuka ratili tatu. Iliyofuata, mbili. Suruali mke wangu aliipunguza kiunoni, kisha akaipunguza tena. Kisimani maneno yakageuka: sasa walisema ninaumwa. “Nimewajibu,” aliniambia, “mume wangu anakwenda Hasamba kwa miguu na kurudi. Mgonjwa wa namna hiyo, waniletee wa pili anilimie.”

Mvua zilipokatika nilikuwa na ratili mia na themanini na tano. Shemeji aliisoma mizani mara mbili. “Imekauka,” alisema. “Tunaipokea.” Siku hiyo alinirudishia baiskeli bila kuombwa.

Bwana Shamba alikuja Jumatatu. Tulipanda Hasamba asubuhi, yeye mbele kwa mashamba mawili, mimi mbele kwa yaliyobaki. Kwenye shamba la juu kabisa alikaa juu ya jiwe, kofia mkononi, akihema. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa tatu, nimepiga goti, goti lile lile, chini ya mbuni ambao kutoka barabarani ungeonekana mzima. Karibu na mzizi palikuwa na tundu, na unga wa mti umemwagika chini.

“Mdudu yuko hapa, Bwana,” nilimwita.

Akaja, akainama, akachungulia tundu. “Shamba hili halijakaguliwa siku nyingi,” alisema.

“Ni kweli.”

“Basi kuanzia leo ulikague wewe, kazi ni yako.”

Mwenye shamba, mama wa makamo, alituletea vibuyu viwili. Bwana Shamba alikimaliza chake bila kupumzika. Changu nilikipokea kwa mikono miwili, nikaonja, nikamrudishia mama naye akamalizia. Kisha nilitoa daftari nikaandika: togwa, mafunda mawili. Nikaingia mstari wa nne.