Nyimbo za Dada Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ile ilikuwa ya ofisi ya parokia, hapa Mpanda, na mpiga chapa alikuwa binti yangu. Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini kila mchana nilikuwa nampelekea chakula, nakaa kwenye benchi namwangalia.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na nyimbo za marehemu dada yangu. Kiangazi kimoja kabla hajafa alikuja kutoka Mpimbwe, akaimba nyimbo zetu za kuvunia mpunga, binti akaziandika zote, hata zile za kuwacheka wanaume. Wengine waliozijua walishakufa. Tulitaka zitoke kitabu.

Ila printa ilikuwa imekufa, na mpya iliyoletwa haikuelewana na mfumo wa zamani wa kompyuta. Ikabidi uwekwe mfumo wa pili, na ule wa zamani ubaki kwa kazi za ofisi. Akaja fundi, Msukuma, mtu wa utani.

"Mama, ni kama kuoa mke wa pili," akaniambia. "Bi mkubwa haondoki. Naigawa nyumba, kila mmoja na chumba chake. Ukiwasha, inakuuliza unaingia kwa nani."

"Na bi mkubwa ameulizwa?"

"Nyie Wapimbwe mnataka kumuuliza hata kuku kabla ya kumchinja."

"Nyie mnaolala na ng'ombe mnamuuliza nani."

Binti hakucheka. Akauliza kama vitu vya ndani havitapotea. Fundi akasema ni vizuri kunakili kwanza kwenye flopi, zile diski ndogo za kuhifadhia. Zilizokuwepo zilikuwa zimeharibiwa na vumbi, na mpya zilikuwa zinakuja na treni kutoka Tabora.

"Basi tusubiri treni," binti akasema.

"Mimi naondoka na treni hiyohiyo, dada."

Wakaniangalia mimi, sijui kwa nini. Nikasema, "Nyie ndio mnaojua."

Fundi akaanza kugawa. Kwenye kioo mstari ukawa unajaa polepole, kama unga unavyojaa kwenye kibaba. Nje jenereta linanguruma. "Hapa sasa isiguswe," fundi akasema.

Jenereta likanyamaza. Kioo kikawa cheusi.

Mzee wa jenereta akaja mlangoni, kofia mkononi. "Msiba unapita," akasema taratibu.

Ni kweli. Walikuwa wanampeleka makaburini mama mmoja wa Misunkumilo. Kwetu jeneza likipita mashine zinazimwa, hata ya kusaga, na mwenye baiskeli anashuka. Asingezima, mimi mwenyewe ningetoka kumsema. Tukasimama wote, fundi naye kakunja mikono, mpaka wakapita.

Jenereta lilipowashwa, kompyuta haikuuliza tunaingia kwa nani. Fundi alihangaika nayo hadi jioni, utani wote umemwisha. Mwisho akasema vyumba havionekani, cha bi mkubwa wala cha bi mdogo. Binti alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi.

Siku nyingine akanijia jikoni na karatasi. "Mama, ulikuwa unaimba naye. Niimbie wewe."

Nikakaa. Naweza kumtaja kwa jina kila mwanamke aliyekuwa anaitikia kule shambani, na jina la baba yake, na mtoto aliyembeba mgongoni. Nikaanza ule wimbo wa kwanza. Nikafika pale ambapo dada alikuwa anavuta pumzi, nikaishia hapo. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kuitikia tu.

Binti bado alikuwa ameshika kalamu.