Martina Alivyosali Kama Baba Yake

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hata leo, na mvi hizi zote, ikinijia natafuta pa kuficha uso.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Huku kwetu Karatu tulizoea kukaa mbalimbali. Ukimtaka jirani, unamwita kutoka kilima hiki hadi kile. Ghafla tukapangwa mistari, nyumba kwa nyumba, nami nikapangwa na Gwandu. Gwandu alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na mbuzi. Na mbuzi wale waliyajua maharage yangu kuliko nilivyoyajua mimi.

Nilikuwa kijana mwenye watoto watatu, na nilikuwa nimechaguliwa mzee wa kanisa kabla sijawa mzee wa kitu kingine chochote. Cheo kikanipanda kichwani. Ngozi ivute ingali maji, nikasema, nami nikaivuta kwelikweli. Kila jioni niliwakusanya watoto jikoni tusali kabla ya kula, ili wasisinzie kwa shibe. Nilisali mpaka ugali unapoa. Na kwa kuwa sikumwamini mtoto yeyote aliyefumba macho, hasa mwanangu Danieli, mimi nilifumba moja tu. La pili lilikuwa la ulinzi. Niliombea wagonjwa, nikaombea serikali, nikamalizia na Gwandu.

Mama yangu mzazi, aliyekuwa akikaa nasi, aliniambia, "Punguza, baba. Mungu si kiziwi." Nikajisemea, mama amezeeka.

Basi ikafika sikukuu ya watoto kanisani. Mwinjilisti mgeni akauliza ni mtoto gani atakayetuombea. Sikungoja. Nilimsukuma mbele Martina, binti yangu wa kwanza, mwenye miaka sita, nikatazama huku na huku kuona kama watu wananiona. Gwandu alikuwa benchi la nyuma yangu.

Martina akasimama, akakunja uso, akafumba jicho moja. Lile jingine likazunguka kanisa zima.

"Ee Baba Mungu uliye juu," akaanza, kwa sauti nzito ambayo sijui aliitoa wapi. "Tunakushukuru kwa siku ya leo. Danieli, fumba macho! Tunakushukuru kwa mvua. Nani anacheka? Ngoja tuseme amina, utanitambua! Ee Bwana mwenye huruma nyingi, mama Martina, mboga inaungua hiyo! Na umkumbuke Gwandu, mwizi wa maharage, yeye na mbuzi wake. Uwapeleke Ngorongoro wakaliwe na simba. Amina."

Mwinjilisti alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtetemeka. Kisha kanisa zima likaangua kicheko, kina mama wakashikana wasianguke. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi hata pa kuchutama sikupaona. Nilihisi pumzi ya Gwandu kisogoni.

Tulipofika nyumbani nikachukua fimbo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, si ndivyo tunavyosema? Martina akanitazama, machozi yanamlengalenga.

"Baba, nimeruka neno gani?"

Mkono ukabaki juu. Mama yangu akajibu toka pale alipokuwa akichambua mboga: "Hukuruka hata moja, mjukuu wangu. Kama ni kuchapwa, achapwe mwalimu."

Nikaiweka fimbo. Nikamshika Martina mkono, tukaenda kwa Gwandu. Njia ilikuwa hatua ishirini tu, lakini sijawahi kutembea mbali kama siku ile.

"Jirani," nikasema, "nimekutukana mbele za Mungu, tena nikamfundisha mtoto. Naomba unisamehe."

Gwandu akakohoa. "Wewe umeniombea simba. Mimi humu ndani nimekuombea chui tangu masika. Na leo pale kanisani niliwatazama wanangu, nikamshukuru Mungu hawakuitwa wao."

Tukacheka mpaka mkewe akatoka kuuliza kuna nini. Kesho yake tukakata miiba pamoja, tukajenga ua kati ya mbuzi na maharage. Na jioni Martina akaninong'oneza, "Baba, kwa Gwandu sasa tunasemaje?" Nikamwambia, "Tunasema asante kwa ajili yake." Akasema, na akasema vizuri kuliko mimi.

Mwanangu, nawe sasa unalea. Usiache kusali na watoto wako, hata wakinung'unika. Lakini jua kwamba imani hairithiwi kama shamba. Mtoto huokota ile anayoiona mikononi mwako. Tena usijifanye malaika mbele yao. Utakosa, sote hukosa. Ukikosa, nenda ukaombe radhi, nao waende nawe waone inavyofanyika. Katika yote niliyomfundisha Martina, hilo ndilo alilolishika, na leo naliona kwa wanawe.

Mungu akujalie watoto wenye masikio makali, na akupe wewe maneno yanayofaa kusikiwa nao. Awabariki uzao kwa uzao, nyumba yako isikose amani wala mcheko.