Binti Anayefuga Mbu

Watu wote huua mbu, yeye aliwafuga. Kule maabara walikuwa na chumba chao, joto lao na maji yao ya sukari, wanaishi kifalme. Ndiyo kazi yake, mtafiti wa mbu, na Jumamosi alijitolea bila malipo kuzunguka shule na mitaa akieleza mbu wanakozaliwa. Watoto wakampachika jina la Mama Mbu. Alilipenda mno, jamani, hata akaliandika kwenye mkoba wake wa vifaa.

Mama yake mzazi hakulipenda. Mama huyo, mtaa ulimwita Bi Usafi, maana ua wake ulifagiwa asubuhi ukafagiwa tena jioni. Akiulizwa binti yake msomi anafanya kazi gani, anajibu kwa sauti ya chini, "Ah, anafuga mbu," kisha anageuza mazungumzo. Mama Mbu alikuwa amefundisha nusu ya mji, lakini mama yake hajawahi kukanyaga somo lake hata moja. Lilimuuma hilo, asikwambie mtu.

Basi Jumamosi moja zamu ikafika mtaa wa mama. Mama Mbu aliwaomba wanawake waje na chupa ya maji yaliyotuama nyumbani, bila jina, asije mtu akaaibika. Ukumbi ulijaa. Na Bi Usafi, kaja! Kaweka chupa yake mezani na zile nyingine, kakaa mstari wa mbele, kifua mbele.

Chupa zikainuliwa dirishani, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, maji matupu. Ya pili, viluwiluwi wawili wa mbu, watu wakachekana. Ikafuata chupa ya jemu yenye kifuniko chekundu. Lahaula! Viluwiluwi wamejaa tele, wanajipinda, wanapanda na kushuka.

"Hiyo ya nani?" kicheko kikalipuka. "Huyo hata kuoga haogi!"

Mama Mbu alikuwa amekitambua kifuniko kile, amekua akikiona jikoni kwao. Leo ndiyo siku mama kaja, na leo ndiyo siku ya kumdhalilisha mbele ya mtaa mzima! Akaishusha chupa haraka. "Tuendelee na nyingine..."

"Tuendelee wapi?" Bi Usafi alikuwa amesimama. "Ni yangu."

Akaiendea meza, akaiinua chupa yake tena.

"Maji ya visahani vya maua yangu. Mficha uchi hazai. Kila siku naongeza maji, kumbe namnywesha adui." Akamgeukia binti yake. "Haya, mwalimu, nifanye nini? Na useme taratibu, nataka kushika."

Mwalimu! Mama Mbu alimeza machozi, akaeleza: mwaga maji, sugua chombo ndani kwa sababu mayai hung'ang'ania kwenye kuta zake, rudia kila wiki. Waliocheka sasa walikuwa wakisogea mezani kuangalia chupa zao vizuri.

Jumamosi iliyofuata mama na binti walipita nyumba kwa nyumba, Bi Usafi mbele na brashi mkononi. "Hodi! Tumekuja kukagua mapipa!"

Jirani aliyehamia juzi akachungulia mlangoni. "Karibuni. Na huyu mwenzako ni nani?"

Bi Usafi akapaza sauti ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Humjui? Huyu mwanangu. Anafuga mbu!"